Kijiko cha Tatu

Mama yake alitema.

Wala hakutema kwa kujificha, kama wageni wenye haya wanavyofanya, kwenye kitambaa huku wamejitia kukohoa. Aliinamisha kichwa, akafungua mdomo, akamrudisha panzi wangu kwenye sahani mzimamzima, na miguu yake yote. Kisha akachukua glasi ya maji akainywa bila kupumua.

"Huyu mdudu," alisema alipoitua glasi mezani, "mmemtia chumvi, au mmeitia chumvi mdudu?"

Shangazi mtu, aliyekaa kando yake na pochi kaibana kwapani kana kwamba mkahawani kwangu kuna vibaka, aliangua kicheko. "Wifi, si nilikwambia tule kabisa nyumbani?"

Mimi nilikuwa nimesimama mbele yao na aproni mpya, nywele nimezisuka juzi yake tu kwa ajili yao. Ilikuwa Jumatatu, saa saba mchana. Jumatatu mkahawa wangu haufunguliwi. Siku hiyo niliufungua kwa ajili ya wanawake wale wawili, waje wanione, waonje mkono wangu, halafu waamue kama watakwenda kwetu kuniposa au hawaendi. Kijana wao, mpenzi wangu, alikuwa amewabembeleza miezi. Mama mtu alikuwa hataki hata kulisikia jina langu, na sababu hakuwahi kuisema. Alikuwa akisema tu, "Yule wa madudu? Labda nife kwanza."

Na sasa ndiyo kwanza ametema.

"Samahani sana, mama," nilisema. Uso ulikuwa unaniwaka moto. "Labda kipande hicho kimeshika chumvi. Onja mchuzi."

"Mchuzi nimeuonja. Mchuzi ndio mama wa balaa." Alinitazama kutoka kwenye nywele zangu hadi kwenye viatu. "Kwani wewe, mpishi, hukuonja?"

Hapo nusura roho initoke. Kwa sababu sikuonja. Na sikuonja kwa sababu siwezi.

Nieleze vizuri nisije nikaonekana mzembe. Mkahawa wangu una meza tisa, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitasa na bawaba. Watu hawapandi ngazi zile zote kuja kushiba. Kushiba kuna kwingine. Wanakuja kuthubutu. Wanakuja kula ulimi wa bata, jicho la samaki, konokono kwa kitunguu saumu, tambi nyeusi za wino wa pweza. Wanakuja wawili wawili, mmoja anamchokoza mwenzake, "Kula basi, unaogopa?" Na kinachowaleta zaidi ya vyote ni panzi wangu wa kukaanga katika mchuzi wa kaa. Chakula hicho kimeandikwa magazetini. Mimi niliyekibuni sijawahi kukitia mdomoni. Kaa, kamba, panzi, wote hao kwangu ni sumu. Wakinigusa ulimi, midomo inafura, koo linabana. Daktari alisema ni mzio, na akanionya nisijaribu tena. Nawapika kwa glavu, pua na mdomo nimefunika.

Siri hiyo alikuwa anaijua mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa amekaa pale mezani kati ya mama yake na shangazi yake, shati limepigwa pasi, anatabasamu.

"Fundi alionja," nilisema.

Nilimwita Fundi tangu siku ya kwanza, alipokuja kutengeneza lifti ya jengo letu. Mji mzima anaujua kwa lifti zake mbovu na kwa vyakula vyake vya ajabu, maana alikuwa na mtindo wake: kila jengo alikotengeneza lifti, alitafuta karibu yake mahali penye chakula ambacho hajawahi kula, akakila. Siku ile alipanda kwangu na mikono ya grisi, akala panzi, akafumba macho. Kope zake ni ndefu kama za mtoto. Alikaa hivyo mpaka nikadhani ameshikwa na tumbo. Kisha akasema, "Dada, huyu panzi anataka limau kidogo, na mchuzi una jira nyingi mno." Nikapandwa na hasira. Nikapunguza jira, nikaongeza limau. Baada ya wiki moja nilikuwa na foleni mpaka kwenye ngazi.

Tangu hapo kila Jumatatu, saa nne asubuhi, alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda karibu na sinki, akafumba macho. Tulikuwa na sheria yetu. Kijiko cha kwanza ni cha woga. Cha pili ni cha ulimi. Cha tatu ni cha ukweli, na hakuna kusema neno lolote la maana mpaka cha tatu kimemezwa. Mimi nilisimama mbele yake na bakuli nikimtazama kope. Nilimpendea hapo hapo, kijiko mkononi.

Asubuhi ile pia alionja. Vijiko vitatu. Akasema, "Usiguse kitu. Mama atakutambua leo."

Sasa mama alimgeukia. "Wewe ndiye uliyeonja hiki?"

"Mama naye na chumvi yake," alisema Fundi, akacheka. Akachukua panzi, akamtia mdomoni, akatafuna taratibu, akameza. "Mbona iko sawa?"

Shangazi akachovya ncha ya kidole kwenye mchuzi, akailamba, akakunja uso mpaka macho yakapotea. "Sawa wapi, mwanangu? Hii ukimpa ng'ombe atavunja zizi!"

Nikamtazama Fundi. Naye akanitazama, mara moja, akayahamisha macho upesi. Basi. Kuna mwanamke asiyejua macho ya mtu wake yanapokimbia?

"Fundi, njoo jikoni."

"Ngoja kwanza tumalize—"

"Jikoni."

Alinifuata. Nikaufunga mlango kwa kisigino, nikamwonyesha kigoda.

"Kaa. Fumba macho."

"Wageni wako huko nje, mpenzi."

"Nimesema fumba."

Akafumba. Nilichukua bakuli, nikafungua bomba la maji ya moto, nikatia na nusu kijiko cha unga wa ngano, nikakoroga. Hakuna kingine. Hata chumvi sikugusa. Chumvi siku ile ilikuwa imetosha.

Kijiko cha kwanza. Alikizungusha mdomoni kama ilivyo kawaida yake. "Mm," alisema.

Cha pili. "Laini hii. Umetia limau kidogo, eti? Na kuna kitu kwa nyuma huko... tangawizi?"

Uso ulikuwa ule ule, kope zile zile, na ile mikunjo miwili kwenye paji la uso ambayo mara nyingi nilitamani kuinyoosha kwa kidole. Haki ya Mungu, kwa kitambo kidogo nilitamani maji ya bomba yawe na tangawizi.

Nikampa cha tatu.

Hakukimeza. Alikaa nacho mdomoni muda mrefu, jokofu likinguruma nyuma yetu. Akafumbua macho kabla sijamruhusu. Akakitazama kijiko, akanitazama mimi, akameza.

"Sijui," alisema. "Sijui umenipa nini."

"Maji na unga."

Akapangusa mdomo kwa mkono wa shati.

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

"Yale mafua ni ya miezi mitatu iliyopita!"

"Najua."

"Miezi mitatu unakaa hapo, unafumba macho, unanivisha kilemba cha ukoka! 'Safi, mpenzi.' 'Usiguse kitu.' Umenipitishia vyakula vitano vipya, Fundi! Vitano! Ijumaa naviweka mezani, menyu imeshachapwa! Nimewaalika watu!"

"Nilikuwa nakisia. Nilikutazama uso kwanza, kabla sijafumba. Wewe ukikosea unajijua, unauma mdomo wa chini. Usipouuma, nasema iko sawa."

"Na leo?"

"Leo hukuuuma."

Kwa kweli sikuuuma. Kaa niliwalaza kwenye maji ya chumvi tangu jana yake, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, ili nyama ibane vizuri mbele ya mama yake. Halafu asubuhi, kwa furaha na woga, nikatia chumvi yangu ya siku zote. Kosa la kitoto. Mtu yeyote mwenye ulimi angelikamata kwa kijiko kimoja.

Nililitupa bakuli kwenye sinki. Likapasuka.

"Ungeniambia!" nilipiga kelele. "Neno moja! 'Ulimi wangu umekufa.' Ni ngumu?"

"Ningekwambia ungefanyaje?"

"Ningetafuta mtu mwingine wa kuonja! Hiyo ndiyo kazi!"

"Basi ndiyo hivyo."

"Ndiyo hivyo nini?"

Alisimama. Ni mtu mpole, sauti yake haipandi, lakini siku ile ilipanda. "Mtu mwingine wa kukaa kwenye kigoda hiki! Jumanne mpaka Jumamosi nikikupigia simu nasikia sufuria. Jumapili ukitoka hapa umelala kama gogo. Mimi siku yangu ni moja, na hiyo moja naipata kwa sababu ya ulimi! Ulimi ukaondoka. Nikasema ngoja, utarudi, leo, kesho. Haukurudi. Daktari anasema labda mwakani, labda basi. Ningefanyaje? Nije Jumatatu nisimame mlangoni nimtazame mwanamume mwingine amefumba macho mbele yako?"

"Kwa hiyo unavyonijua mimi, nimependa ulimi."

"Umewahi kuniita hapa Jumatatu bila kijiko mkononi? Hata mara moja?"

Nikatafuta Jumatatu moja, moja tu. Sikuipata, na kutoipata kukanitia hasira zaidi ya ile ya kwanza.

"Usinigeuzie kibao!" nilisema. "Mwongo ni wewe!"

"Na wewe je? Wateja wako wanajua kuwa hujawahi kumla panzi hata mmoja?"

"Hajawahi nini?"

Sote wawili tuligeuka. Mama yake alikuwa mlangoni, glasi tupu mkononi. Alikuja kutafuta maji. Nyuma ya bega lake pochi ya shangazi ilikuwa inachungulia, na shangazi mwenyewe nyuma ya pochi.

Nikaona hakuna tena cha kuficha. Heshima ilishatemwa kwenye sahani. Nikamwambia yote, nimesimama wima kama mshtakiwa. Mzio. Glavu. Vijiko vitatu. Vyakula vitano vya Ijumaa. Kwamba kwa mwaka mzima ulimi wa jikoni hili ulikuwa ulimi wa mwanawe, na kwamba ulimi huo una miezi mitatu umekufa na hakuna aliyeambiwa.

Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mpishi asiyeonja," alisema, "na mwonjaji asiyesikia ladha. Mmeokotana wapi nyinyi?"

Shangazi alitaka kucheka, akatazamwa, akaacha. Mama akaingia jikoni, akaiweka glasi kwenye sinki juu ya vigae vya bakuli langu, akamkabili mwanawe.

"Miezi mitatu, umesema?"

"Ndiyo, mama."

"Huyu," alinigeukia mimi, kidole kwa mwanawe, "tangu ana miaka minne, nikizidisha chumvi punje moja ananiambia. Mboga ikikosa kitunguu anajua. Ndugu zake wanakula wanaondoka, yeye anabaki pale ananieleza. 'Mama leo imekolea.' 'Mama leo ulikuwa na haraka.' Mimi mtu wa kunisifia chakula changu ni huyu tu, baba yao hakuwa na habari. Halafu ghafla, kimya. Anakula kama anajaza gunia. Namuuliza, vipi? 'Nzuri, mama.' Juzi nilisahau chumvi kabisa, kabisa! Namuuliza. 'Nzuri, mama.' Nikaenda chumbani nikalia." Akaninyooshea kidole mimi. "Nikajua ni wewe. Nikasema yule binti wa madudu amemharibu mwanangu, cha mama yake hakimpandi tena. Ndiyo maana sikutaka kukusikia. Nimekuchukia miezi mitatu, binti, nimekuombea mabaya, kumbe mjinga huyu ana mafua!"

"Mama—"

"Nyamaza! Ulituona sisi wanawake wawili wa nini? Wa kutubembeleza kila mmoja kwa uwongo wake?"

"Niliogopa," alisema Fundi. Alisema kwa sauti ndogo, akinitazama mimi, si mama yake. Yale macho. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumpiga na mwiko, na mwiko ulikuwa karibu zaidi.

"Ondoka," nilimwambia. "Toka jikoni kwangu. Sitaki kukuona."

Alisimama kidogo, kama mtu anayesubiri kusikia kwamba nimetania. Kisha akatoka. Nikasikia viatu vyake vikipita kati ya meza, taratibu. Kifua kilinibana kama nimelamba kamba.

Nilidhani mama naye atachukua pochi yake aende. Badala yake alivuta kigoda cha mwanawe, akakaa, akakunja mikono ya gauni.

"Lete hicho kipanzi chako."

"Mama, ni chumvi tupu."

"Nimekuuliza? Lete."

Nikamletea bakuli. Akashika kijiko. Na jamani, akafumba macho. Kope ndefu, mikunjo miwili kwenye paji la uso. Alimeza kijiko kimoja, akanyamaza. Cha pili, akanyamaza. Cha tatu alikikunjia uso, akameza.

"Chumvi hiyo umeshaijua," alisema. "Ukiiondoa, kitunguu kimeungua chini, kinaleta uchungu wa mbali. Limau ni zuri. Na nikwambie kitu nisichotaka kukwambia: mchuzi huu ukipikwa vizuri, mtu ataukumbuka." Akafumbua macho. "Hivyo vitano vya Ijumaa viko wapi?"

"Kwenye jokofu."

"Vitoe. Ijumaa utalisha watu sumu."

"Na habari ya kwenda kwetu, mama?" Sijui ilinitokaje.

"Hiyo tutaiongea nikiwa nimeshiba."

Nilikuwa nimeinama kwenye jokofu, machozi yanashuka na sitaki aone, niliposikia kishindo mlangoni. Ni shangazi. Alikuwa amemkamata Fundi mkono wa shati, anamsukuma mbele yake kama mwizi wa kuku.

"Amekaa kwenye ngazi huyu," alisema. "Analia. Mimi siwezi kuvumilia mwanamume analia mbele ya duka la vitasa, watu wanapita. Na nani atakayeturudisha nyumbani? Mchukueni."

Akamsukuma ndani, akarudi zake mezani.

Fundi alibaki katikati ya jikoni, shati lake la pasi limekunjamana. Kigoda chake kimekaliwa. Mikono hajui aipeleke wapi. Mama yake hakumtazama hata kidogo. Alikuwa anapangusa kijiko kwa kitambaa, anangoja chakula cha pili.

Mimi bado nilikuwa na hasira. Naomba hilo lieleweke. Nilikuwa na hasira ya kutosha wiki mbili. Nilipita mbele yake bila kumgusa, nikavuta kreti la soda lililokuwa nyuma ya mlango, nikaligeuza kichwa chini, nikalibwaga kando ya jiko, pale ninaposimama mimi nikipika.

"Kaa hapo."

Alilitazama kreti, akanitazama. "Nikae nifanye nini? Sina ulimi."

"Nimekwambia kaa. Sijakwambia onja."

Akakaa. Kreti ni fupi, magoti yalimfika kidevuni. Niliwasha jiko, nikamgeuzia mgongo, nikaweka sufuria.

"Na Jumatatu ijayo?" aliuliza nyuma yangu.

"Saa nne," nilisema. "Na ole wako uchelewe."